Poda Iliyomwagwa Mapema

Kopo la poda lilikaa juu ya kabati la vyombo tangu tulipohamia nyumba hii, na sote tulijua ni la nini. Ijumaa moja ya Novemba 2024 mama alilishusha. Mdogo wangu alikuwa amesimama katikati ya jikoni, simu mkononi, hajavua hata koti la baridi. Barua pepe ya chuo kikuu kimoja cha hapa Kentucky ilikuwa imeingia akiwa bado kwenye basi. Mama alikuwa anageuza sombe. Aliposikia neno "wamenichukua" hakuuliza mara ya pili. Alifuta mikono kwenye kitenge, akapanda kiti, akachukua kopo, akammwagia binti yake kichwani mpaka nywele, kope na kola ya koti vikawa vyeupe. Sakafu nzima ikawa nyeupe. Vigelegele alivyopiga vilimtoa jirani wa juu, Mrundi, akashuka ngazi mbio akidhani kuna msiba.

Aliyelelewa Kivu anaijua poda hiyo. Kongo mwanafunzi akifaulu Exetat, mtihani wa taifa unaofunga masomo ya sekondari, ndugu na majirani humwagia poda au unga, akapita mtaani akiwa mweupe kama aliyetoka kinuni, kila mtu ajue kwamba nyumba fulani imepata diploma. Mama aliona kaka yake akimwagiwa Uvira. Yeye mwenyewe hakufika hapo, vita vilimvusha ziwa kabla hajafika. Mimi nilizaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996. Tulipofika Louisville mwaka 2016 nilikuwa na miaka 19, na wiki ya nne nilikuwa tayari kazini, kwa sababu tiketi za ndege za wakimbizi ni mkopo na mkopo hulipwa. Kwa hiyo mama alikuwa na poda ambayo hajapata kichwa cha kuimwagia kwa zaidi ya miaka ishirini. Sikumwonea wivu mdogo wangu siku ile. Nililia nikamshikia mama kiti asianguke.

Baadaye, tukifagia, mama alimwuliza, "Sasa umemaliza, mama?"

"Nimemaliza, mama," akajibu.

Hakudanganya. Alivyoelewa yeye, alikuwa amemaliza. Na mama alivyoelewa maisha, mtu akishamwagiwa poda hana mtihani tena. Yaliyotupata tangu Novemba hiyo hadi Julai iliyofuata yalitokana na neno hilo moja, na ninaandika kwa sababu najua nyumba nyingi za Waswahili hapa Marekani ambako neno hilo hilo linasemwa, na hakuna anayejua kwamba si kweli.

Huku mambo yamegeuzwa, na hicho ndicho hakuna aliyetufafanulia. Kwetu mtihani hutangulia na chuo hufuata. Mtoto wa Tanzania hufanya mtihani wa kidato cha sita mwezi wa Mei, matokeo yakatoka, ndipo akaomba chuo. Mkenya hufanya KCSE mwishoni mwa mwaka, akasubiri matokeo, ndipo akapangiwa. Kongo ni Exetat kwanza. Barua ya chuo ikifika, maksi zimeshafungwa na hakuna wa kuzifungua. Marekani mtoto huomba chuo mwanzoni mwa darasa la kumi na mbili, akitumia maksi za darasa la tisa, la kumi na la kumi na moja. Barua humfikia kati ya Novemba na mwisho wa Machi. Anatakiwa kujibu na kulipa kishika nafasi, vyuo vingi vinasema kabla ya tarehe 1 Mei. Lakini shule yenyewe inaisha mwishoni mwa Mei au Juni, na ikiisha, ofisi ya shule hutuma transkripti ya mwisho, yaani orodha ya maksi zake zote, moja kwa moja chuoni. Haimpitii mzazi, wala haimpitii mtoto. Chuo kimemchagua mtu ambaye hajamaliza, kisha kinangoja kuona atamalizaje.

Katikati ya mwaka kuna ripoti nyingine pia ambayo vyuo vingi huitaka kutoka kwa kaunsela, mshauri wa wanafunzi pale shuleni, yenye maksi za muhula wa kwanza. Kwa hiyo macho yako juu ya mtoto muda wote ule ambao nyumbani tunadhani shughuli imekwisha.

Wamarekani wana jina la kulegea huku kwa mwaka wa mwisho, wanaita sinioraitisi, kama vile ni ugonjwa wa mafua unaopita shule nzima. Kwao, nikisikiliza wenzangu kazini, una sura ya sherehe: picha za mahafali, dansi ya mwisho ya shule, safari ya ufukweni, kuchelewa kuamka. Sikatai, hata watoto wetu wana haki ya kucheza dansi. Ila nyumbani kwetu ulikuja na sura nyingine kabisa, ndiyo maana hatukuutambua. Ulikuja na sura ya bidii.

Mdogo wangu alitimiza miaka 18 Januari. Kabla ya hapo sheria inawabana waajiri wasimweke mwanafunzi kazini usiku wa manane. Akishafika 18, saa ni zake. Louisville ni mji wa mizigo: UPS ina kituo chake kikubwa kwenye uwanja wa ndege, ndege zinashuka usiku kucha, na kando yake yamejaa maghala ya kila aina yanayotafuta mikono. Alipata shifti kwenye ghala moja, saa tano usiku hadi saa kumi alfajiri, siku tano kwa wiki. Alirudi nyumbani, akalala saa moja na nusu, akapanda basi la shule saa kumi na mbili na nusu. Alimpa mama pesa ya umeme bila kuombwa. Alimnunulia mdogo wetu viatu vya mpira. Tulimsifu kanisani. Mimi mwenyewe nilimsifu, na jambo hilo bado linanichoma, maana nilikuwa nimesoma chuo cha jamii jioni huku nikifanya kazi mchana, na nilijua mwili wa mtu una kikomo gani.

Nilimwuliza mara moja Februari kama shule inakwenda. Akanijibu, "Yaya, walishanichukua." (Sisi wa Kivu dada mkubwa au kaka mkubwa ni yaya. Watanzania hucheka, kwao yaya ni mlezi wa watoto. Siku hizi naona maana zote mbili zinanifaa.) Nikaliacha pale.

Niligundua Aprili, kwa bahati tu. Mama alikuwa anataka kujua siku ya mahafali ili mjomba apange safari kutoka Texas. Shule za Kentucky zinatumia mfumo wa Infinite Campus, ambao mzazi anaweza kuuona kwenye simu: mahudhurio, maksi, kazi za darasani, kalenda. Mama alikuwa na akaunti kwa miaka mingi. Hakuwahi kuifungua. Nenosiri la akaunti ya mama lilikuwa na mdogo wangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeisajili akiwa darasa la sita, kama alivyosajili kadi ya hospitali na akaunti ya gesi. Ndivyo nyumba zetu zinavyokwenda: mtoto ndiye mlango wa Kiingereza, na kila karatasi inayomhusu inapitia mkononi mwake kwanza. Nilibadilisha nenosiri kupitia barua pepe ya mama, tukaingia, mama kaninamia begani.

Kalenda sikuifikia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na orodha ya madarasa sita, na pembeni mwa matatu kulikuwa na herufi M nyekundu zimepangana kama chungu wekundu. M ni kazi ambayo haikuletwa. Nilihesabu 14 kwenye kemia peke yake. Hesabu alikuwa na D. Kemia F. Kiingereza F. Muhula wa kwanza, ule ulioisha kabla ya Krismasi, alikuwa na wastani wa 3.4, kwenye kipimo ambacho A zote ni 4.0. Miaka mitatu ya kwanza alikuwa amejenga 3.6. Sasa muhula huu ulikuwa unasoma kama 1.3.

Mama aliniuliza F ni nini. Nilimwambia ni sifuri. Alikaa kitako.

Mdogo wangu alipoamka saa tatu usiku kujiandaa kwenda shifti, alitukuta mezani. Sikupiga kelele, na mama pia hakupiga, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Nilichukua bahasha ya bili ya maji nikaigeuza nyuma, tukaanza kuandika hesabu. Nataka kuieleza hesabu hiyo pole pole, maana ndiyo iliyofanya kazi ambayo mawaidha hayakuweza.

Kentucky ina fedha za wanafunzi zinazoitwa KEES, zinazotokana na bahati nasibu ya jimbo, kwa sheria ya mwaka 1998. Huombi. Unazichuma kwa GPA, huo wastani wa maksi, ya kila mwaka wa sekondari, kuanzia darasa la tisa mpaka la kumi na mbili. Ukimaliza mwaka na 4.0 umejiwekea dola 500, na 3.0 dola 250, na 2.5 dola 125. Chini ya 2.5 hupati kitu kwa mwaka huo. Kiasi ulichochuma hulipwa kila mwaka ukiwa chuo cha ndani ya jimbo, hadi miaka minne, kwa sharti uendelee kufaulu huko. Kwa hiyo 250 ya mwaka mmoja wa sekondari ni 1,000 mwishoni. Nikachukua 3.4 ya muhula wa kwanza na 1.3 ya muhula huu, nikagawanya kwa mbili: 2.35. Sifuri.

Aliitazama akasema, kwa upole, "Yaya, elfu moja naipata kwa wiki mbili na nusu."

Alikuwa sahihi. Sitaki kuficha hilo. Ukimwambia mtoto anayelipwa dola 17 kwa saa kwamba anapoteza dola 1,000 ndani ya miaka minne, atakuangalia kama hujui kuhesabu. Wazazi wengi wanaishia hapo, wakitishia na kitu ambacho mtoto ameshakipima akaona chepesi.

Nikamwambia aniletee barua ya chuo. Si ile ya kwanza, ile ya Desemba yenye ufadhili. Alikuwa amepewa dola 4,000 kwa mwaka, kwa miaka minne. Tulisoma hadi chini kabisa, kwenye aya ya herufi ndogo. Ufadhili ulitaka GPA ya jumla ya sekondari isipungue 3.3 atakapomaliza. Nikaandika: 3.6 mara tatu, ongeza 2.35, gawanya kwa nne. Ikatoka 3.29.

Sehemu moja ya mia. Dola 16,000 zilikuwa zinaning'inia kwenye sehemu moja ya mia, na hakuna mtu ndani ya nyumba aliyejua. Alichukua kalamu akairudia mwenyewe mara mbili. Kisha akampigia msimamizi wake simu kwamba anaumwa. Ni mara ya kwanza tangu Januari alilala usiku wa kazi.

Kuna la pili lililokuwa baya kuliko fedha, na hili naomba mzazi asilipite haraka. Lile darasa la Kiingereza alilokuwa na F halikuwa la sekondari tu. Lilikuwa la krediti mbili, yaani dual credit: mwanafunzi anasoma akiwa sekondari, lakini maksi zinaandikwa pia na chuo. Watoto wetu wanayapenda madarasa haya, na wana haki, kwa sababu yanapunguza gharama. Lakini F ya darasa la aina hiyo haifi na sekondari. Inaingia kwenye transkripti ya chuo kabla mtoto hajakanyaga chuo, na vyuo vinaweza kuihesabu vinapopima kama mwanafunzi anastahili kuendelea kupata msaada wa serikali. Pell Grant, ruzuku ya serikali ambayo familia kama yetu inaitegemea, ilikuwa hadi dola 7,395 kwa mwaka huo wa masomo. Ili kuendelea kuipata lazima ubaki na wastani unaokubalika, mara nyingi 2.0, na uwe umefaulu sehemu kubwa ya madarasa uliyojiandikisha. Mtoto anaweza kuingia chuo Agosti akiwa tayari amechelewa kwa mguu mmoja.

Wiki iliyofuata tulikwenda shuleni. Niliomba mkalimani, na naliandika hili kwa makusudi: shule zinazopokea fedha za serikali kuu, kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, zinatakiwa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila malipo, na mtoto hapaswi kutafsiri kesi yake mwenyewe. Miaka tisa tulikuwa hatujawahi kuomba. Mkalimani alikuja kwa simu iliyowekwa katikati ya meza, mwanamke mwenye Kiswahili cha Mombasa, sauti ya utulivu. Kaunsela alikuwa ameichapa barua ya kwanza, ile ya Novemba. Mama akasema, kwa heshima, lakini bila kupepesa, "Naomba unisomee yote. Usiruke."

Mkalimani akasoma. Hongera, tumefurahi, na kadhalika. Kisha ikafika: kukubaliwa kwako kunategemea kumaliza kwako mwaka huu wa masomo kwa kiwango kile kile ulichoonyesha ulipoomba, na chuo kina haki ya kuitazama upya nafasi yako kitakapopokea transkripti ya mwisho.

Mama alinyamaza kidogo. Mkalimani akadhani simu imekatika, akaita, "Halo, mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu," mama akamjibu. Halafu akatugeukia. "Kwa hiyo ile poda niliimwaga mapema."

Barua ilikuwa nyumbani miezi mitano. Mdogo wangu alikuwa amemsomea mama sentensi ya kwanza tu, na kwa kweli yeye pia alikuwa ameishia hapo hapo.

Watu huniuliza, je, vyuo vinafuta kweli? Vinafuta, lakini mara chache, na sipendi wazazi wanaowatisha watoto kwamba D moja itawarudisha nyumbani. Mara nyingi kinachokuja ni barua ya kuomba maelezo, au masharti ya muhula wa kwanza, au ufadhili kupunguzwa kimya kimya. Lakini sharti lililoandikwa ni sharti, na siku chuo kikilihitaji kitalitumia. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine kilijikuta wanafunzi wapya wapatao 850 zaidi ya waliotarajiwa wamekubali nafasi. Majira yale ya joto kikawafutia karibu 500, wengine kwa sababu ya maksi za mwaka wa mwisho, wengine kwa sababu transkripti ilichelewa au karatasi ilikosekana. Kelele zikawa kubwa, na mwanzoni mwa Agosti mkuu wa chuo, Howard Gillman, aliomba radhi, na wale wa makosa ya karatasi wakarudishiwa nafasi. Ninachokisoma mimi kwenye kisa hicho ni kwamba mwaka ambao viti vinatosha, D yako inaweza kupita bila kuulizwa, na mwaka ambao viti havitoshi, D hiyo hiyo ndiyo sababu. Na mtoto akiwa darasa la kumi na mbili hana namna ya kujua mwaka wake ni upi.

Pale shuleni hakuna aliyefanya muujiza. Tarehe ya kujitoa kwenye darasa la krediti mbili ilikuwa imepita, kwa hiyo F ile ilikuwa ipandishwe kwa jasho au ibaki. Mwalimu wa hesabu alikubali kupokea kazi zote za nyuma, kwa nusu maksi. Wa Kiingereza akakubali insha mbili kati ya nne. Wa kemia alisema muda umepita kwa maabara, na hawezi kuirudisha maabara, lakini mtihani wa mwisho uko wazi. Hatukumlaumu. Mdogo wangu alihama kwenye shifti za Ijumaa na Jumamosi tu, na ile pesa ya umeme tukagawana mimi na mjomba. Ilikuwa lazima tufanye hivyo kwanza, kabla ya kumwambia mtoto asome. Nyumba inayokula mshahara wa mwanafunzi kisha ikamwuliza maksi inamwonea.

Jambo jingine kaunsela alilotuambia, na nalisambaza kila ninapopata nafasi: msingoje chuo kiandike, andikeni ninyi kwanza. Mdogo wangu aliandika mwenyewe, Kiingereza chake, ukurasa mmoja. Hakuomba huruma. Alisema nilifanya kazi usiku siku tano kwa wiki tangu Januari, nimepunguza, haya ndiyo maksi yangu leo, hivi ndivyo ninavyoyapandisha, nitawaandikia tena mwezi Mei. Akaandika tena Mei kama alivyoahidi. Ofisi ya udahili ikajibu kwa mistari miwili kwamba wamepokea na wameweka kwenye faili lake. Mistari miwili ile mama aliichapa akaiweka kwenye Biblia.

Wiki sita zile sitazisahau. Nilikuwa natoka kazini saa kumi na moja jioni, nakuta ameegemea friji na daftari la hesabu, anasoma akiwa amesimama ili usingizi usimchukue. Mwili ulikuwa bado na saa za ghala. Saa tano usiku macho yalimfunguka kama taa, saa nne asubuhi darasani yalifumba. Ilimchukua karibu mwezi kuurudisha mwili kwenye mchana. Mama alijifunza jambo la kufanya: alikaa naye. Hajui hesabu za darasa la kumi na mbili, lakini alikaa kwenye kiti cha mbele na kazi yake ya kuchambua maharagwe, na kila mtoto alipoinua kichwa alimkuta pale. Usiku mmoja aliposema hawezi tena, mama hakuhubiri, alimwambia tu, "Ng'ombe mzima umekula, mkia huu ndio ukushinde?" Wakacheka wote wawili, akarudi kwenye daftari.

Alimaliza na C ya hesabu na C ya Kiingereza. Kemia ilipanda kutoka F hadi D, ikagomea hapo. Wastani wa mwaka ukawa 2.7, ambao kwa KEES ni dola 175. GPA ya jumla ikasimama kwenye 3.38, ufadhili ukabaki. Julai chuo kikaandika kwamba nafasi yake iko palepale, ila aonane na mshauri wa masomo kila mwezi kwa muhula wa kwanza.

Ningependa kuishia kwenye furaha hiyo, lakini ile D ina hadithi yake. Mdogo wangu anataka uuguzi, na uuguzi unadai kemia. Agosti alifanya mtihani wa kupangwa madarasa, hakufikia, akawekwa kwenye kemia ya utangulizi, ambayo haihesabiwi kwenye programu ya uuguzi. Muhula mzima, na ada yake, kwa mambo ambayo mwalimu wake alikuwa anayafundisha ubaoni mwezi Machi wakati yeye amelala na kichwa juu ya meza. Alinipigia simu wiki ya tatu akaniambia, "Yaya, ni sura ile ile. Hata mchoro ni ule ule." Chuo kilikuwa kimemsamehe maksi, lakini kemia ilimngojea hukohuko mbele, na ndipo nilipoelewa kwamba tulipokuwa tunahangaika na sehemu ya mia ya GPA tulikuwa tumekamata nusu tu ya jambo. Usiku wa Januari hadi Aprili alikuwa ameuza vitu viwili, usingizi na kemia, na vyote viwili alivinunua tena kwa bei ya juu zaidi.

Siku ya mahafali, mwishoni mwa Mei, mjomba alikuja na poda yake kutoka Texas, kopo jipya. Mama alimzuia mlangoni. Akamwambia bado, kuna karatasi moja hatujaiona. Watu walimshangaa, mtoto yuko na joho na kofia, kamera ziko tayari, na mama anazungumzia transkripti. Alimmwagia Julai, siku ile barua ya mwisho ya chuo ilipofika, kwenye maegesho ya magari ili asichafue jikoni, baada ya kunifanya nimsomee kuanzia tarehe mpaka saini.

Sasa ni zamu ya mdogo wetu wa mwisho. Yuko darasa la kumi na mbili, na amekwishakupata chuo, barua ilikuja kabla ya Krismasi. Kazi anafanya Jumamosi tu, kwenye duka la mboga, na mama ndiye aliyekwenda kuzungumza na meneja kuhusu saa. Namba ya huduma ya wakalimani ya shule imebandikwa kwenye friji. Nenosiri la Infinite Campus liko kwenye daftari la mama, mwandiko wake, chini ya namba ya mchungaji. Kila Jumapili baada ya ibada anavaa miwani, anafungua ukurasa na kupitisha kidole kwenye darasa moja moja, taratibu, kama anayechagua mchele. Jumapili iliyopita kidole kilisimama. Akainua macho juu ya miwani, akamwita mtoto kutoka chumbani.

"Njoo hapa, baba. Hii M ya fizikia, ya Alhamisi, ni ya nini?"